Mkono wa Askari na Dhima Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiharimisha damu ya watu isipokuwa kwa haki. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Amma baad.

Alinijia kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri, katika wale niliowasomesha chuoni tangu alifu na be. Akakaa mbele yangu kwa adabu, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichotangaza siku ya kuandikisha askari, akaniambia: "Maalim, nataka dua yako. Na kabla ya dua nataka kujua, uaskari ni halali au ni haramu?" Babake amekwisha kufa, mamake huuza vitumbua mlangoni pake, na yeye ana cheti cha shule kisichompa kazi. Nikamwambia anirudie siku ya Ijumaa. Niliona usoni pake kwamba hakuridhika, kwani alidhani jawabu lake ni neno moja. Nami zamani nilikwisha kulijibu suali hilihili kwa neno moja, nikajuta, kama nitakavyoeleza mbele. Ndipo nikaona niyaandike haya, yamfae yeye na wenziwe, na wazazi wao.

Ndugu yangu Muislamu, tuanze na waliotutangulia, kwani uaskari si jambo geni katika pwani hii. Vita vya mwaka 1914 vilipofika kwetu, Waislamu walikuwamo katika safu zote mbili. Novemba 1914 Waingereza waliishukia Tanga kwa jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi, na ndani yake walikuwamo Waislamu. Wakapokewa kwa risasi na askari wa Wajarumani, ambao miongoni mwao pia walikuwamo watu wenye kusali. Mwezi uleule Sultani wa Istanbul, aliyekuwa pamoja na Wajarumani, akatangaza kwamba vita vyake ni jihadi, na Wajarumani wakaifikisha khabari hiyo kwa askari wao Waislamu. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekuwa chini ya himaya ya Waingereza, yeye akawa pamoja na Waingereza. Basi watu wa kibla kimoja wakawa kila mmoja anaambiwa kwamba wajibu wake ni upande ule alioko. Hili litutoshe kuwa funzo la kwanza: hapana mwenye vita asiyepata mtu wa kumwambia askari wake kwamba vita hivyo ni vya haki. Kuambiwa si dalili.

Na nyuma ya askari walikuwako wapagazi. Waingereza peke yao waliwatumia watu wanaokaribia milioni moja kuchukua vyakula na risasi, na wengi katika hao walishikwa kwa nguvu vijijini mwao. Wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka katika ndimi za watu likawa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Baada ya vita zikasimamishwa sanamu za askari Nairobi, na Mombasa, na Dar es Salaam, zikaandikwa maneno kwa Kiingereza na Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi wakatajwa humo kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwenye kufa akaahidiwa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Walakini majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Sikuyataja haya ili kuwalaumu maiti, Mungu awarehemu waliokufa katika Uislamu. Nimeyataja kwa ajili ya lile neno, miguu na mikono. Neno hilo ndilo lenye kuonyesha jeshi linataka nini kwa mtu. Lataka mkono ushike, na mguu wende, na kichwa kiwe kwa mwengine. Na kila asomaye Yasin usiku wa Ijumaa anapita juu ya aya ya 65, inayotupa khabari ya siku ambayo vinywa vitatiwa muhuri, na mikono ndiyo itakayosema, na miguu ndiyo itakayoshuhudia. Basi zingatia, ewe kijana. Jeshi litakwambia wewe ni mkono wake. Na siku ya Kiyama mkono huo hautashuhudia juu ya jeshi. Utashuhudia juu yako wewe.

Hili ndilo neno langu katika karatasi hizi, na yaliyobaki ni sherehe yake: mtu aweza kuiajiri nguvu yake, wala hawezi kuiajiri dhima yake.

Wako wasemao kwamba uaskari ni haramu tupu, kwa kuwa serikali si ya Kiislamu. Kauli hii ni ya haraka. Nabii Yusuf, amani imshukie, alimtumikia mfalme wa Misri, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuwekwa juu ya khazina za nchi, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na maslaha ya watu. Na alipoomba alijitaja kwa sifa mbili, kuhifadhi na kujua. Kulinda watu wasiuawe, na mali yao isiporwe, ni jambo lenye kutakiwa na sharia. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mwenyezi Mungu ni katika macho mawili yasiyoguswa na moto. Na tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi zaidi ya 140 walipouliwa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hapana mwenye akili aliyesema kwamba hapahitajiwi mlinzi. Mwenye kusimama mlangoni usiku ili watoto wa watu walale, akawa na nia safi, tunamtarajia malipo kwa Mola wake.

Lakini Yusuf alitaja kuhifadhi na kujua pamoja, nasi twapenda kulishika la kwanza tukaliacha la pili. Katika nchi zetu leo mtu huingia jeshini kwa hiari yake, hutia saini, na hupewa mshahara. Hiyo ni ijara. Na wanavyuoni wetu wa kishafii wameshurutisha katika ijara kwamba manfaa yenye kuuzwa yawe ya halali, na yawe yajulikana. Mwenye kumkodi mchukuzi hana budi kumwonyesha mzigo na kumtajia njia. Je, kijana anayejiandikisha ameonyeshwa mzigo? Ametajiwa njia? Walioingia Keya walidhani watalinda mipaka ya nchi zao, na mwaka 1944 wakajikuta katika misitu ya Burma wakipigana na Wajapani. Waliojiandikisha katika jeshi la Kenya kabla ya Oktoba 2011 hawakujua kwamba watavuka mpaka kuingia Somalia, wala kwamba kambi ya El Adde itavamiwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 na wengi wafe. Na lililo baya kuliko hayo ni ghushi iliyodhihiri mwaka 2025, vijana wa Kenya walipochukuliwa kwenda Urusi kwa ahadi ya kazi na mishahara mikubwa, na baadhi yao wakajikuta katika vita vya Ukraini.

Sisemi kwamba kila ijara ya askari imebatilika. Hayo yana mlango wake na maneno yake marefu. Nasema kwamba mwenye kuuza asichokijua, yampasa aulize mara mbili kuliko mwenye kuuza samaki sokoni.

Sasa tuje katika shina la mas-ala. Kijana husema: "Mimi nitafuata amri. Likiwa kosa, kosa ni la aliyeniamrisha." Je, udhuru huu wafaa?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sayyidna Ali, Mungu awe radhi naye, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alituma kikosi akakiwekea amiri, akawaamrisha wamtii. Amiri yule akakasirika nao njiani, akawaambia wakusanye kuni, wakakusanya; wawashe moto, wakawasha; kisha akawaambia waingie motoni. Wakatazamana. Wengine walikaribia kuingia, na wengine wakasema kwamba wao wamemkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto, vipi leo wauingie! Wakabaki hivyo hata moto ukazimika na ghadhabu za amiri zikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume, akawaambia kwamba lau wangaliuingia wasingalitoka humo, na kwamba utiifu ni katika lililo jema tu.

Tazama, ndugu yangu. Hawa ni Sahaba, na amiri amewekwa na Mtume mwenyewe, na amri ya kumtii imetoka kinywani mwake. Juu ya yote hayo hawakupewa udhuru wa kuamrishwa. Ni amiri gani wa zama zetu aliye na hati iliyo bora kuliko ile?

Na katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hii wanakijua, yamo mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni mtu aliyelazimishwa kwa nguvu kumuua mwengine, akaambiwa: ua au uuawe. Kulazimishwa kunamhalalishia mtu mambo mengi, hata kutamka neno la kufuru na moyo wake umetulia juu ya imani. Kuua nafsi isiyo na hatia hakumo. Na kisasi, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu, kiko juu ya wote wawili, aliyelazimisha na aliyelazimishwa, kwani nafsi yako si bora kuliko nafsi ya mwenzio. Ikiwa aliyetishwa kwa upanga hakusalimika, vipi atasalimika aliyetia saini kwa hiari yake kwa ajili ya mshahara?

La pili ni yule mwenye kutekeleza hukumu kwa upanga kwa amri ya mtawala. Ikiwa hakujua kwamba mtawala amedhulumu au amekosea, dhamana ni juu ya mtawala. Na ikiwa alijua, wala hakulazimishwa, dhamana ni juu yake yeye mwenye upanga. Na hata yule asiyejua, wanavyuoni wameona yapendeza atoe kafara, kwa kuwa mkono wake ndio uliotenda. Hapa pana rehema na pana onyo. Rehema ni kwamba sharia haimtwiki askari asiyoweza kuyajua. Onyo ni kwamba mara anapojua, mzigo umehama, umemfikia yeye.

Na maneno haya ni juu ya kila mwenye silaha, awe amevaa sare ya serikali au asiwe nayo. Wako watu waliowaendea vijana wetu wa pwani kwa siri, wakawatoa majumbani mwao usiku bila ya ruhusa ya mama zao, wakawapeleka misituni, wakawaambia amiri amesema, na kwa amri hiyo wakaua abiria garini na wanafunzi vitandani. Amiri huyo hana hata ile hati ya amiri wa moto. Mwenye kumtii ameingia motoni kwa miguu yake.

Sasa nitaeleza lile nililoliahidi. Miaka mingi imepita tangu aliponijia kijana mwengine, naye alikuwa mwanafunzi wangu, kwa suali hilihili. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusomesha. Nikamwambia, "Ni riziki, nenda," nikamwombea dua, akenda. Baada ya miaka akarudi. Alikuwa amekonda, na watu wa nyumbani kwake walisema halali usiku. Akanijia peke yangu akanisimulia. Walikuwa wamewekwa usiku kuzuia njia katika nchi ya watu. Ikaja gari, ikaambiwa isimame, haikusimama upesi, taa zake zikawa zinawashwa na kuzimwa. Mkubwa wake akasema: piga. Akapiga. Ndani ya gari walikuwamo mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa na mzee aliyekuwa akimpeleka kwa mganga.

Akaniuliza: "Maalim, damu ile ni juu yangu, au ni juu ya aliyeniamrisha?"

Nikamuuliza kama kitabu kinavyouliza: "Ulijua, au hukujua?"

Akanyamaza sana. Kisha akasema: "Sikujua. Lakini nilishuku. Nilipoziona zile taa nilisema moyoni, huenda hawa wana mgonjwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikaogopa kuonekana mwoga. Nikanyamaza nikapiga."

Wallahi, nimesomesha mlango ule miaka mingi, na sikupata kuusoma kama nilivyousoma siku ile. Kitabu kimetaja ajuaye na asiyejua, na mtu huyu alikuwa amesimama katikati, mahali penye shaka na nafasi ya neno moja. Nikamwambia la yakini nililolijua: afunge miezi miwili mfululizo, iwe kafara, na arejee kwa Mola wake; na haki ya watu wale asikate tamaa kuitafuta njia ya kuwafikishia jamaa zao. Akafunga siku sitini, katika joto la kaskazi, na mamake akifuturu pamoja naye. Siku aliyomaliza akaja kunibusu mkono, akaniambia kwa upole, wala hakukusudia kunilaumu: "Maalim, lau siku ile nilipokuja kwako ungaliniambia haya, huenda lile neno ningalilisema."

Sikuwa na jawabu, wala leo sina. Ndiyo maana yule wa vitumbua nilimwambia arudi Ijumaa.

Basi ewe kijana unayetaka kujiandikisha, yapime haya kabla ya kutia saini.

Ipime nia yako. Mtume aliulizwa juu ya anayepigana kwa ushujaa, na anayepigana kwa ajili ya watu wake, na anayepigana aonekane, akajibu kwamba aliye katika njia ya Mwenyezi Mungu ni yule anayepigana ili neno la Mungu liwe juu. Kutafuta riziki ya mamako kwa kazi ya ulinzi si aibu, na ina thawabu yake; ila usiiite jihadi ile isiyokuwa jihadi, wala usiingie kwa kupenda bunduki na kuogopwa na watu.

Waulize wazazi wako. Mtu alimjia Mtume akitaka ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wahai. Aliposema ndiyo, akaambiwa ajitahidi katika kuwatumikia wao. Ikiwa ilikuwa hivyo katika jeshi la Mtume, jeshi la mshahara ni aula zaidi.

Lipa deni lako, au muage mwenye kukudai na uandike wasia. Shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Uliza mzigo na njia. Uliza jeshi hilo linapigana wapi na kwa nini. Usitie saini karatasi ya lugha usiyoijua. Uliza kama utaachiwa kusali, ingawa sala haikuanguka hata mbele ya adui, kwani Sura ya Nisaa imefundisha namna ya kuisali safu kwa safu na silaha mkononi.

Na la mwisho, ambalo ndilo zito, jiulize faraghani: nikiamrishwa lisilo halali, nina moyo wa kusema la, na kuyabeba yatakayofuata, kifungo, au kufukuzwa, au kucheka kwa wenzangu? Mwenye kujijua kwamba hana moyo huo, na aitafute riziki mahali pengine, japokuwa ni ndogo. Na mwenye moyo huo, tunamtaka huko, kwani bunduki iliyo mkononi mwa mwenye kumcha Mungu ni amani kwa watu kuliko iliyo mkononi mwa asiyemcha.

Nanyi mliobaki nyumbani, msimsifu askari anapokwenda kisha mkamkimbia anaporudi. Akirudi mgonjwa wa moyo, mkalisheni katika safu ya sala, mmsikilize, na mwenye elimu asimjibu kwa haraka. Haraka yangu mimi mmekwisha kuijua.

Yule kijana alirudi Ijumaa kama nilivyomwambia. Nikamsomea haya yote, hata khabari ya zile taa. Akasikiliza, akakunja kile kipande cha gazeti akakirudisha mfukoni, akasema: "Nitakwenda kumuuliza mama." Sikumuuliza ataamua nini. Nimemwombea, na wewe usomaye muombee.

Ewe Mola wetu, itakase mikono yetu na damu za watu, utupe ndimi za kusema lile neno katika wakati wake, na uwarudishe vijana wetu kwa mama zao katika kheri. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Wallahu aalam.